Koili ya kigunduzi cha metali: ipi inafaa kwa ardhi ipi?

Anayenunua kigunduzi cha metali kwa mara ya kwanza huangalia mashine yenyewe: kioo chake, vitufe vyake, jina la kiwanda na, zaidi ya yote, bei. Ile sahani iliyofungwa kwenye ncha ya fimbo huichukua kama ilivyokuja ndani ya sanduku. Lakini sahani hiyo, ambayo mafundi huiita koili, ndiyo sehemu pekee ya mashine inayozungumza na ardhi. Mashine ya bei ghali yenye koili isiyofaa itapita juu ya kitu kinachotafutwa bila kutoa sauti yoyote, ilhali mashine ya wastani yenye koili iliyochaguliwa vizuri itakipata.

Kwa wakazi wa Bujumbura na maeneo ya jirani, swali hili si la watu wenye muda wa kuchezea. Kaskazini mwa mji, katika vilima vya Cibitoke, na ng'ambo ya mto Rusizi katika Kivu ya Kusini, dhahabu huchimbwa na watu wa kipato kidogo, na kwa mchimbaji wa namna hiyo mashine ya maelfu ya dola ni deni la kikundi kizima. Mjini, fundi anayetafuta bomba la maji lililofukiwa miaka mingi iliyopita hutumia chombo cha kanuni ileile. Tena hii ni nchi iliyopitia vita vya zaidi ya miaka kumi kuanzia 1993, kwa hiyo si kila mlio unaotoka ardhini ni wa kitu cha kufurahia. Jambo hilo la mwisho tutalirudia hapa chini kwa urefu.

Koili hufanya kazi gani

Ndani ya plastiki ya koili mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Mashine hupitisha katika waya huo umeme unaobadilika-badilika kwa kasi, na umeme huo huzaa uga wa sumaku unaoingia ardhini. Uga huo ukikutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme inayojizungusha kama maji yanavyojizungusha nyuma ya jiwe mtoni. Mikondo hiyo nayo huzaa uga wake, dhaifu mno, ambao koili huupokea na mashine huugeuza kuwa sauti. Kwa hiyo koili ni mdomo na sikio kwa wakati mmoja.

Kanuni hii ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwezi Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi mjini Washington, Alexander Graham Bell, aliyejulikana tayari kwa uvumbuzi wa simu, alitengeneza chombo chenye koili ili kuitafuta risasi iliyobaki mwilini mwa mgonjwa. Hakuipata. Sababu mbili hutajwa hadi leo: daktari aliruhusu upande mmoja tu wa mwili upimwe, na kitanda alicholazwa rais kilikuwa na springi za chuma. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Mtu anayepitisha koili karibu na ukuta wenye nondo, au mita moja kutoka kwenye uzio wa mabati, yumo katika hali ileile ya Bell. Metali iliyo karibu na kubwa huifunika iliyo mbali na ndogo, na hakuna kitufe cha kuliondoa tatizo hilo isipokuwa kusogea au kutumia koili ndogo zaidi.

Ukubwa na kina

Wauzaji wengi hujibu swali la koili kwa neno moja: kubwa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu ya ukweli.

Koili pana husukuma uga wake mbali zaidi chini. Wazoefu husema kwamba katika ardhi nzuri, kitu cha ukubwa wa sarafu huweza kusikika kwa kina kinachokaribia kipenyo cha koili. Kwa koili ya sentimita 25, basi, tarajia kina cha sentimita 20 hadi 25, na usitarajie mita. Mtu anayeahidiwa mashine ya mkononi inayoona sarafu au pete kwa kina cha mita tatu anadanganywa. Sababu imo katika fizikia: kitu kidogo kinapokwenda mbali na koili kwa umbali unaozidi nusu ya kipenyo chake, nguvu ya ishara hupungua takribani kwa kipeo cha sita cha umbali. Yaani ukiongeza umbali mara mbili, ishara hupungua hadi karibu sehemu moja ya 64. Hakuna betri wala kikuza sauti kinachoweza kufidia hasara ya namna hiyo.

Upande wa pili wa shilingi ni kwamba uga wa koili kubwa umetawanyika. Chembe ya dhahabu yenye ukubwa wa punje ya mchele ikiwa chini ya koili ya sentimita 40 hupata sehemu ndogo sana ya uga huo, na mara nyingi haisikiki hata ikiwa sentimita tano tu chini. Koili ya sentimita 15 ingeisikia. Pamoja na hayo, koili kubwa huona udongo mwingi zaidi kwa wakati mmoja, na udongo wenye chuma ukiwa mwingi, kelele nazo huwa nyingi.

Kwa kifupi cha matumizi: koili za kipenyo cha sentimita 12 hadi 15 ni za vitu vidogo, vya juujuu, na mahali penye takataka nyingi za metali. Za sentimita 20 hadi 28 ndizo za kazi za kila siku, na ndizo ambazo viwanda vingi hufungasha pamoja na mashine. Za sentimita 35 hadi 45 ni za vitu vikubwa vilivyo chini sana, katika ardhi tulivu na uwanja mpana. Uzito wa hizi za mwisho hukaribia kilo moja au hupita, na mkono unaoinua kilo moja kwenye ncha ya fimbo kwa saa nne huanza kuipandisha koili bila mwenyewe kujua. Kila sentimita koili inapopanda hewani ni sentimita iliyopotea ardhini.

Muda nao uhesabiwe. Koili husogezwa mbele kwa nusu ya upana wake ili njia zipandane. Katika ukanda wa mita 20, koili ya sentimita 28 inahitaji kupunga mkono mara 143 hivi. Ya sentimita 15 inahitaji mara 267. Kwa hiyo koili ndogo inakula karibu siku mbili mahali ambapo ile ya kati hula siku moja. Mwenye uwanja mkubwa na muda mfupi aanze na ya kati, kisha arudi na ndogo pale tu alipopata kitu.

Umbo, na namna waya ulivyopangwa ndani

Koili mbili zenye upana sawa zinaweza kufanya kazi tofauti kabisa kwa sababu ya mpangilio wa waya. Mipangilio mitatu ndiyo ya kujua.

Wa kwanza ni ule wa duara ndani ya duara: waya mmoja hutuma, mwingine ulio katikati hupokea. Uga wake una umbo la pia, mpana juu na mwembamba chini. Faida yake ni kwamba mlio huwa mkali kabisa katikati ya koili, hivyo ni rahisi kujua mahali hasa pa kuchimba, na huvitambua vizibo vya chupa kwa unyofu zaidi. Kasoro yake ni kwamba katika ardhi yenye chuma hupiga kelele.

Wa pili ni wa D mbili. Nyaya mbili zenye umbo la herufi hiyo hulala mgongo kwa mgongo na kupandana kidogo katikati. Pale zinapopandana ndipo uga wa kutafutia hupita, nao ni kama ubao mwembamba uliosimama kuanzia mbele ya koili hadi nyuma. Kwa kuwa mashine husikia kupitia ukanda huo mwembamba tu, udongo unaosumbua huwa mchache. Hii ndiyo inayostahimili ardhi nyekundu, na nchi yetu, kuanzia vilima vya Mumirwa vinavyotazama ziwa hadi Muyinga na Ruyigi, ina ardhi nyekundu tele. Wekundu huo si rangi tu. Ni oksidi za chuma. Huko mashariki na kaskazini, mtu akiniuliza koili moja tu ya kununua kwa mashine ya kawaida, nitamjibu D mbili ya ukubwa wa kati bila kusitasita.

Wa tatu ni wa waya mmoja unaotuma kisha kupokea, ambao huitwa mono. Huo hutumika katika mashine za mapigo, zile zinazotuma umeme kwa vipindi vifupi sana na kusikiliza katika ukimya unaofuata. Mashine hizi hazibabaishwi sana na udongo wenye chuma, na koili ya mono huzipa kina kikubwa zaidi na usikivu mkali kwenye kingo. Kwa mfano, mashine za GPX za kampuni ya Minelab ya Australia hukubali koili za mono na za D mbili pia, na uwezo wake wa kubagua chuma hufanya kazi kwa koili ya D mbili tu. Anayefunga mono hana budi kuchimba kila mlio, msumari au dhahabu.

Kuna pia swali la duara au yai. Koili yenye umbo la yai hupenya kati ya mawe, kwenye mifereji na baina ya mizizi. Ya duara hufika chini kidogo zaidi kwa upana uleule. Katika makorongo ya mito inayoshuka kutoka Kibira, yai lina manufaa makubwa.

Ipime ardhi kabla ya kununua

Wateguaji mabomu wana kipimo kizuri ambacho raia wa kawaida anaweza kukiazima. Huchukua kigunduzi kilichorekebishwa kwa kiwango maalumu, hukishusha polepole kuelekea ardhini mahali pasipo na metali, na kuandika kimo ambacho kinaanza kulia. Ardhi ikikiliza kigunduzi koili ikiwa ingali sentimita 20 juu, hiyo ni ardhi ngumu. Ikinyamaza hadi koili iguse majani, hiyo ni ardhi rahisi. Mkataba wa kiufundi wa Ulaya kuhusu namna ya kupima vigunduzi vya kuteguliamabomu ya ardhini, uliotolewa 2003, una vipimo vya namna hii, na majaribio yaliyofuata katika Laos na Msumbiji yalithibitisha kwamba mashine inayoongoza katika ardhi moja huweza kushika mkia katika nyingine.

Kwa mtumiaji wa Bujumbura, azime mashine ya rafiki na kufanya hivyohivyo shambani anapokusudia kufanyia kazi. Kisha achukue chubwi dogo la mshipi kutoka kwa mvuvi wa Rumonge au Kabezi, alifukie kwa sentimita kumi, na kupitisha koili. Chubwi ni la madini ya risasi, nayo risasi hujibu kwenye kigunduzi kwa namna inayokaribiana na dhahabu. (Lugha yetu imelipa jina hilohilo lile linalotoka kwenye bunduki, na hapo ndipo tatizo la baadaye linapoanza: mashine nayo haitofautishi vizuri kati ya hivyo viwili na dhahabu.) Jaribio liwe na uvumilivu, maana udongo uliochimbuliwa leo hautoi majibu sawa na udongo uliolala miaka.

Fukwe za ziwa Tanganyika ni habari nyingine. Chumvi ya bahari hupitisha umeme na kuzichanganya mashine nyingi za masafa ya chini. Maji ya ziwa letu si ya chumvi kiasi hicho, kwa hiyo koili kubwa ya D mbili hufanya kazi kwa utulivu kwenye mchanga wake. Kinachosumbua huko ni mchanga mweusi unaoletwa na mito, wenye chembe za sumaku. Hakikisha pia kwamba koili imeandikwa kuwa inazamishika. Kuna mashine ambazo koili yake huingia majini lakini kisanduku chenye betri hakiruhusiwi kulowana.

Dhahabu: ukweli usiopendwa na wauzaji

Hakuna koili inayoona vumbi la dhahabu. Dhahabu iliyosagika kama unga ndani ya mchanga wa mto haina mwili wa kutosha kuamsha mikondo ya umeme, hata gramu kumi zake zikitawanyika katika ndoo moja. Karai na maji vitaipata, kigunduzi hakitaipata. Kigunduzi ni cha vipande: kuanzia punje ndogo hadi vijiwe. Mchimbaji ambaye eneo lake limetoa unga peke yake kwa miaka yote anaponunua mashine, ananunua tumaini.

Pale penye punje, masafa ndiyo yanayoamua pamoja na koili. Mashine za kutafutia sarafu hufanya kazi kati ya kilohezi 5 na 15 hivi. Punje ndogo hutaka masafa ya juu zaidi: Gold Bug 2 ya kampuni ya Fisher hutumia kilohezi 71, Gold Monster 1000 ya Minelab hutumia 45, na AT Gold ya Garrett hutumia 18. Gold Monster, ambayo ilitoka 2017, huja na koili mbili za D mbili, moja ya duara yenye sentimita 13 hivi na nyingine ya yai yenye sentimita 25 kwa 15. Kwa punje za juujuu kwenye mwamba uliokwaruzwa, ile ndogo hushinda kubwa kila mara. Mashine nyingine hazina hiari hiyo: SDC 2300 ina koili ya mono ya sentimita 20 ambayo haibadilishwi.

Jambo hili la kubadilishana ndilo linalowagharimu watu fedha nyingi. Koili imetengenezwa kwa ajili ya masafa na umeme wa mashine fulani. Koili ya kampuni moja haifungwi kwenye mashine ya kampuni nyingine, na hata ndani ya kampuni moja plagi zinaweza kufanana ilhali koili hazipatani. Mtu anayenunua koili ya mitumba bila mashine yake mkononi asishangae ikiwa bubu.

Kuna pia bidhaa bandia. Hapa tuna kisa kilichothibitishwa. Mwaka 2011 kompyuta ya ofisa wa Codan, kampuni mama ya Minelab, ilidukuliwa alipokuwa safarini China, na michoro ya vigunduzi vyake ikaibwa. Baadaye mashine za kuigiza zilizotengenezwa huko zikaanza kumiminika Afrika, nyingi zikipitia Dubai, na kampuni ikalazimika kushusha bei za mashine zake halali. Kampuni ya Australia ilipoteza faida. Mchimbaji wa Afrika alipoteza zaidi, kwa kuwa mashine ya kuigiza yaweza kufanana na halisi kwa rangi na kwa nembo, lakini koili yake haikupimwa. Dalili moja isiyohitaji ufundi: igonge koili kwa kidole taratibu mashine ikiwa imewashwa. Koili nzuri hunyamaza. Koili ambayo nyaya zake hazikushikwa imara ndani ya plastiki hulia kwa kila mguso, na itakulia hivyo kila inapogusa jani.

Mwenye mashine akumbuke pia sheria. Katika Burundi, utajiri wa chini ya ardhi ni mali ya taifa, na uchimbaji mdogo unahitaji kibali; Ofisi ya Burundi ya Madini na Machimbo ndiyo ya kuulizwa. Anayevuka mpaka na mashine yake ajue kuwa Tanzania ina leseni yake ya uchimbaji mdogo, na Kongo ina kadi ya mchimbaji wa mikono. Risiti ya mashine isafiri pamoja na mashine.

Mjini: misumari, vizibo na sarafu

Ua wa nyumba ya Buyenzi, ambako gereji na vyuma chakavu ni maisha ya kila siku, ni mahali pagumu kuliko kilima chochote cha Cibitoke. Chini ya koili ya sentimita 28 mnaweza kuwa na misumari sita, kizibo cha Primus na pete kwa wakati mmoja, na mashine itatoa sauti moja iliyochanganyika. Hapa koili ya sentimita 12 au 13 haina mpinzani, kwa kuwa hutenganisha vitu vilivyo karibu. Anayetafuta pete ya ndoa iliyodondoka uani haihitaji kina. Pete iliyopotea mwaka huu iko juu, ndani ya vidole vinne vya udongo.

Ajihadhari na alumini. Sarafu za zamani za Burundi za faranga 1 na 5 ni za alumini, na karatasi nyembamba za pakiti za sigara hujibu kwenye kioo cha mashine mahali palepale pa punje ndogo za dhahabu. Anayeziba namba hizo ili asisumbuliwe na karatasi huwa amejizibia dhahabu pia. Nyaya za umeme zinazopita juu nazo huleta mtetemo. Koili ndogo hupokea kidogo wa mtetemo huo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea mjini.

Mlio ambao haupaswi kuchimbwa

Vigunduzi vya mkononi vilipata umaarufu wao vitani. Luteni Józef Kosacki, Mpolandi aliyekuwa uhamishoni Scotland, alibuni kigunduzi cha mabomu kilichobebwa na mtu mmoja, na takribani 500 kati ya hivyo vilitumika El Alamein mwaka 1942. Kilikuwa na uzito wa karibu kilo 14. Tangu hapo koili za wateguaji zimekwenda njia yao wenyewe: hawatafuti kina kikubwa, bali uhakika wa kutosikosa kipini kidogo cha chuma ndani ya bomu la plastiki kwenye sentimita chache za juu. Ndiyo maana koili zao nyingi ni za ukubwa wa wastani, na ndiyo maana hawazimi mlio wowote wala hawabagui metali yoyote.

Burundi iliridhia Mkataba wa Ottawa wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini mwaka 2003, na mwaka 2011 ikatangaza kuwa imekamilisha kusafisha maeneo yaliyojulikana. Tangazo hilo lilihusu mabomu ya kutegwa. Halikuhusu kila guruneti lililotupwa kichakani, wala kila kombora lililotua bila kulipuka. Vitu hivyo ni vya chuma, ni vizito, na koili kubwa ya mtafuta dhahabu huvipata kwa urahisi kuliko inavyopata dhahabu. Mlio wake ni mnono, mpana na unaorudiarudia, yaani ule hasa unaomfanya mtu ashike sururu kwa pupa.

Kwa hiyo chombo hiki kitumiwe kwa adabu nyingine mahali palipowahi kuwa na kambi, kizuizi cha barabarani au mapigano, na kandokando ya Kibira kwa jumla. Ukipata maganda ya risasi mawili au matatu katika eneo moja, hesabu kwamba umeingia mahali pa vita. Mlio mkubwa ulio chini usichimbwe kwa sururu. Udongo uondolewe kwa pembeni, kidogo kidogo, kwa mkono na kijiti. Kikitokea kitu cha mviringo chenye kutu, chenye mapezi au pete, usikiguse, usikisogeze, usikimwagie maji. Rudi kwa nyayo zako, weka alama inayoonekana kutoka mbali, ondoa watoto, na mjulishe polisi au kiongozi wa kilima. Koili nayo isipitishwe juu yake mara ya pili, kwa sababu zipo silaha ambazo utambi wake huamshwa na sumaku.

Wapo wanaotafuta vitu hivyo bila koili kabisa. Shirika la APOPO, lenye makao yake Morogoro katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, hufundisha panya buku kunusa baruti. Kwa kuwa panya hajali misumari wala vizibo, shirika hilo linasema mmoja hukagua eneo la uwanja wa tenisi kwa nusu saa, kazi ambayo mtu mwenye kigunduzi anaweza kuichukulia hadi siku nne.

Kabla ya kulipa

Dukani, omba mashine iwashwe ikiwa na koili ileile utakayoondoka nayo. Pitisha mbele yake chubwi lako ulilokuja nalo mfukoni, kwanza kwa sentimita tano, kisha kumi, kisha kumi na tano, na usikilize mlio unapofia wapi. Pinda kebo taratibu karibu na plagi. Sauti ikikatika, irudishe. Kebo izungushiwe fimbo kwa kukaza, kwa kuwa kebo inayoning'inia husogea juu ya koili na kuleta milio isiyokuwapo. Skrubu inayoshikilia koili iwe ya plastiki, si ya chuma.

Nunua na mfuniko wa chini wa koili siku hiyohiyo. Mawe hukwaruza plastiki, maji huingia penye ufa, na koili iliyoingia maji hairekebishiki kwa urahisi. Mfuniko wenyewe nao una kazi yake: mchanga mweusi wa mtoni hujikusanya kati yake na koili, na chembe zake za sumaku zinatosha kuifanya mashine ilie mahali pasipo na kitu. Ufunguliwe na kuoshwa kila jioni, na koili ikauke kivulini.